Mwenye Shamba la Mwezini

Habari kwamba watu wamefika mwezini ziliingia Gakindu kupitia redio ya Hezekiah Gicheru, na tangu siku hiyo alizisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyewatuma. Ilikuwa mwaka wa sitini na tisa, kahawa bado kijani mtini. Kila mtu alizipokea kwa kipimo chake. Wazee wa kanisa walisema ni uongo. Vijana walisema ni kweli, wakaanza kutembea kwa kurukaruka sokoni mpaka wakakemewa. Wanawake waliokuwa wakipalilia walisema kwamba kama ni kweli, basi huko juu kuna mwanamke, kwa sababu hawajawahi kuona mwanamume akisafiri mbali hivyo bila kujua nani atampikia.

Hezekiah aliuliza jambo moja tu. Aliuliza ni ekari ngapi.

Msimcheke bado, nafasi ya kucheka itakuja. Hezekiah alikuwa mtu wa mashamba tangu ujana wake. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ile ya Mau Mau, serikali ilipoamua kukusanya vipande vya ardhi vilivyotawanyika na kumpa kila mtu shamba moja, yeye aliingizwa katika kamati iliyopima upande wao. Alipanda na kushuka vilima vya Mukurweini akiwa amevaa koti refu la mvua hata siku za jua, na nyuma yake vijana wamebeba matoka. Itoka ni ua la mpaka. Hupandwa mbele ya majirani wa pande zote mbili, kondoo akachinjwa, uchafu wa tumbo lake ukanyunyizwa kwenye mstari, na baada ya hapo mtu mwenye akili timamu haligusi. Hezekiah alijua kazi hiyo kama mwanamke anavyojua jiko lake, na hakuchoka kuwakumbusha watu kwamba anaijua.

Lakini alikuwa na kidonda kimoja. Uhuru ulipokuja, mashamba ya wazungu kule Kinangop na Nyandarua yakaanza kugawanywa, na Hezekiah akachelewa. Alitaka kwanza kuona kama ni kweli. Watu aliowadharau, watu wasiojua hata kushika fimbo ya kupimia, walijiandikisha mapema, na sasa walikuwa na ng'ombe wa gredi na walimpungia mkono kutoka juu ya lori la maziwa. Hilo lilimuuma kila asubuhi lori lilipopita. Akaapa kwamba serikali ikigawa ardhi tena, popote pale, yeye atakuwa mtu wa kwanza kwenye mstari.

Kwa hiyo aliposikia kwamba wazungu wamekwenda mwezini na kurudi salama, hakuona sayansi wala miujiza. Aliona mashamba yanatafutwa. Mtu hatumi watoto wa watu mbali namna hiyo, kwa gharama ya namna hiyo, kwenda kutazama mawe.

Alimtafuta Mwalimu Kefa, aliyekuwa akifundisha sayansi katika shule ya sekondari ya harambee. Kefa alikuwa kijana wa Maragoli, mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi kila siku, na alifurahi sana kupata mzee mwenye hamu ya elimu. Alimweleza yote. Kule hakuna hewa, hakuna maji, hakuna udongo wa kupanda kitu, ni vumbi na mawe tu. Hezekiah aliitikia kwa kichwa kwa adabu huku akisema moyoni kwamba hawa watu wa Maragoli ni wajanja, wanataka kuwawekea ndugu zao nafasi kwanza. Ardhi ya Kinangop nayo walisema ni baridi tupu.

Akamuuliza basi wanatafuta nini. Kefa akasema wanatafuta kujua, na zaidi ya yote wanataka kujua kama kuna uhai mahali pengine au kama sisi tuko peke yetu katika ulimwengu wote. Alisema kuna wataalamu waliojenga antena pana kama uwanja wa mpira, kazi yake ni kusikiliza tu, usiku na mchana, kama kuna mtu wa mbali anayeita.

"Na wakisikia?" Hezekiah akauliza.

"Hapo ndipo pagumu, Mzee. Wengine wanasema tuitikie. Wengine wanasema heri tujifanye hatukusikia."

Hezekiah alicheka. Akasema ni mtu wa namna gani anaweza kusikia sauti ya mwenzake halafu ajifanye hakusikia. Alicheka tena kidogo, kisha kicheko kikamkauka mdomoni, akakumbuka kwamba ana shughuli nyumbani, akaaga haraka. Kefa alibaki akijiuliza kama amemkosea mzee wa watu.

Hakumkosea. Ila kulikuwa na kishamba bondeni, chini ya kahawa ya Hezekiah, penye chemchemi isiyokauka hata Februari. Nduma za pale, yale magimbi ya bondeni, zilikuwa nene kama mkono wa mtu. Kishamba hicho kilikuwa cha Ndungu, jirani yake. Mwaka ule wa kupima, Ndungu alikuwa kizuizini Manyani, na mke wake, Wamucii, alikuwa amefungiwa pamoja na wanawake wengine katika kijiji cha Hali ya Hatari ng'ambo ya bonde, wakichimbishwa handaki. Kamati ilifika shambani, ikatafuta mwenyewe, haikumwona mtu. Kipande kisicho na mtu hakiwezi kuachwa hivyo hivyo. Kikaunganishwa na shamba lililokuwa karibu, na lililokuwa karibu lilikuwa la Hezekiah. Yeye mwenyewe alishangaa kuona mambo yalivyoangukia upande wake.

Ndungu hakurudi kutoka Manyani. Wamucii alirudi, akapewa kipande chake juu kwenye kokoto, na kwa miaka zaidi ya kumi akawa anashuka kuchota maji katika chemchemi yake mwenyewe kwa ruhusa ya Hezekiah. Ruhusa hiyo Hezekiah aliitoa kwa moyo mweupe na alipenda watu wajue. Wamucii alikwenda kwa chifu, akaenda hadi Nyeri mjini kwa mwanasheria, akaambiwa kitu kimoja kote. Hati ya kwanza haivunjwi, hata kama ilipatikana kwa hila. Kilichobaki ni Hezekiah arudishe mwenyewe kwa mapenzi yake, na Hezekiah, kila alipoulizwa, alikuwa na jibu moja: "Tulitafuta. Hatukuona mtu."

Sasa mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mambo mawili yalikutana siku moja. La kwanza, D.O. mpya, yaani mkuu wa tarafa, kijana wa Ukambani aitwaye Mbuvi, alitaka kuunda baraza la wazee wa mipaka, na chifu alikuwa amempendekeza Hezekiah awe mwenyekiti. La pili, gari la sinema lilikuwa linakuja kutoka Nairobi na mzungu mmoja wa Amerika, kuwaonyesha wananchi filamu ya mwezini. D.O. akaamua kuyafanya yote pamoja, kwa sababu watu wa Gakindu huja kwa wingi penye sinema kuliko penye hotuba.

Wamucii naye alisikia. Akasema wazi sokoni, mbele ya watu, kwamba siku hiyo atasimama mbele ya D.O. aulize swali lake kabla mwizi hajafanywa hakimu. Hezekiah aliletewa maneno hayo kabla hata chumvi aliyoinunua Wamucii haijafungwa kwenye karatasi. Hakuhofia hati, hati ilikuwa salama. Alihofia kiti cha mwenyekiti. D.O. akisikia kelele za mjane, angeweza kumtafuta mwenyekiti mwingine, na Hezekiah alikitamani kiti kile kuliko alivyokuwa radhi kukiri hata kwa Watiri, mke wake. Watiri alijua. Alikuwa amemwona mara mbili akijaribu koti mbele ya kioo.

Sinema ilioneshwa mchana katika ghala la chama cha ushirika wa kahawa, magunia yakiwa yametundikwa madirishani kuzuia mwanga. Ghala lilijaa hadi mlangoni. Wazee walikaa mbele kwenye mabenchi, wanawake upande wa kushoto kwenye magunia, na harufu ya kahawa kavu ilikuwa nzito. Hezekiah alikaa mstari wa kwanza, karibu kabisa na D.O. Wamucii alikaa mbele ya wanawake, kitambaa chake cheupe cha Jumapili kichwani, mikono mapajani. Hakumtazama.

Mashine ikaanza kunguruma. Moto, moshi, chuma kinapaa. Kisha ikaja picha ya dunia ikiwa mbali, mviringo, na mawingu meupe juu yake. Kefa, aliyekuwa akitafsiri Kiingereza cha mzungu kwa Kiswahili, alieleza kwa sauti iliyotetemeka kwamba sote tumo mle, na kwamba ukitazama kutoka kule huoni mpaka hata mmoja. Alilisema kama jambo zuri. Hezekiah alitazama ule mviringo mzima usio na itoka hata moja, akaona ni uzembe mkubwa.

Kisha watu wawili wakaonekana wakitembea juu ya vumbi, wamevaa kama watu wanaokwenda kurina asali. Walirukaruka, vijana wakashangilia. Mmoja akachukua mti, akaukita chini, na juu ya mti palikuwa na bendera.

Hakukuwa na mtu mzima mle ndani asiyejua alichokiona. Kila mmoja aliwahi kusimama kwenye mteremko fulani, jua likimchoma utosini, akitazama mtu akikita kitu ardhini, na tangu saa hiyo upande huu ukawa wa fulani na upande ule wa fulani. Waamerika walikuwa wamepanda mpaka.

Hezekiah aliitazama bendera ile. Amechelewa tena. Shamba lote lile, tambarare, halina hata kisiki cha kung'oa, na limekwisha kupandwa. Alikuwa anaona lori la maziwa likipita.

Taa ziliwashwa, magunia yakafunguliwa, D.O. akakaribisha maswali. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kama wasafiri walimwona Mungu, au hata malaika mmoja, na mzungu akajibu kwa heshima kwamba hawakumwona lakini walisoma Biblia njiani, jibu ambalo lilipunguza ukali. Mwingine akauliza safari ile ina faida gani kwa mtu anayelima kahawa. Mzungu akaeleza mambo ya dawa, ya hali ya hewa, ya elimu, na Kefa akatafsiri kwa juhudi, lakini ilionekana wazi kwamba mkulima wa kahawa hajaridhika.

Wamucii alikuwa ameshaanza kujiinua kwenye gunia lake. Hezekiah akamwona kwa pembeni, akasimama yeye kwanza. Alikuwa na sababu mbili, na zote mbili zilionekana kwake nzuri. Akizungumza kwa urefu, muda utakwisha na mama yule atabaki na swali lake. Na tena, kama upanzi ule wa mwezini ulikuwa na kasoro, basi shamba halijachukuliwa, na mtu wa Gakindu bado ana nafasi. Hakuna aliyeujua upanzi wenye kasoro kama yeye.

"Bwana D.O., asante," alisema. "Mimi nilikuwa kamati ya mashamba. Hii kazi naijua. Mwalimu, uliza mgeni hivi. Ile bendera wamepanda pale, wakati walikuwa wanapanda, jirani ya huku alikuwa nani, na jirani ya huku alikuwa nani?"

Kefa alitafsiri. Mzungu akatabasamu, akasema hapakuwa na majirani, kule hakuna mtu.

Hezekiah akauliza kama walitafuta. Mzungu akasema ndiyo, hiyo ilikuwa sehemu ya kazi. Walichukua mawe na vumbi, wakarudi navyo, yakachunguzwa, na haikuonekana dalili yoyote ya uhai. Hezekiah akataka kujua walitafuta hadi umbali gani. Mzungu alikuwa mtu mkweli, Mungu ambariki. Akanyoosha mkono kupitia mlango wazi na kusema kwamba ile safari ya kwanza hawakwenda mbali na chombo chao, kama kutoka hapa hadi pale barabarani. Na kwa muda gani? Muda wa ibada moja ya Jumapili, Kefa alisema, kwa sababu saa za Kiingereza zilimchanganya.

Ghala zima lilicheka. Hezekiah aliinua mkono kuwanyamazisha, na walinyamaza, na hapo utamu wa kiti ukamwingia kichwani hata kabla hajakikalia.

Mzungu alijaribu kujitetea. Alisema bendera ile si ya kumiliki, na kwamba mataifa yamekubaliana kwa maandishi kuwa mwezi hautakuwa mali ya mtu yeyote. Wao walikuwa wapita njia tu.

"Ati wapita njia," Hezekiah akasema. "Mzungu wa kwanza kuja hapa Nyeri pia alikuwa anapita tu. Aliomba maji."

Kicheko kilifika hadi kwa walinzi wa chifu nje. Hata D.O. Mbuvi, ambaye kwao Machakos pia walipitiwa, alifunika mdomo kwa karatasi. Na Hezekiah, badala ya kukaa chini akiwa ameshinda, akaendelea. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake wa siku zote.

"Sikilizeni. Wewe unasimama kwa shamba ya mtu, unaangalia hapa na hapa, unasema, hakuna mtu. Hiyo si kutafuta. Mwenyewe pengine amesafiri. Pengine ni mgonjwa. Pengine amefungwa pahali hawezi kutoka. Unamtafuta pahali yeye ako, si pahali shamba iko. Na kama hujampata, hiyo shamba inangoja. Mtu anapanda mpaka kama mwenyewe hayuko, huyo hajapanda kitu. Ang'oe. Arudishe."

Akaketi. Wazee walipiga makofi kwa nguvu. Makofi ya upande wa wanawake yalichelewa kidogo, kisha yakaja, nayo hayakuwa ya kumshangilia. Yalikuwa ya taratibu, ya kufuatana, na yalikwisha kwa wakati mmoja. Hapo ndipo maneno yake yalipomrudia, moja baada ya jingine. Amefungwa pahali hawezi kutoka.

Wamucii alisimama. Alirekebisha kitambaa chake bila haraka.

"Bwana D.O., mimi nilikuwa nimekuja na swali," alisema. "Lakini Mzee Hezekiah amejibu yote. Nashukuru sana."

Akaketi.

Chifu alianza kutazama viatu vyake. D.O. Mbuvi, ambaye alikuwa na wiki chache tu pale na hakujua lolote, aliona tu kwamba mzee amezungumza kwa hekima na mama ameridhika, jambo ambalo hakuwa amewahi kulishuhudia katika mkutano wowote wa serikali. Akasimama kwa furaha. Akamtangaza Hezekiah Gicheru kuwa mwenyekiti wa baraza la wazee wa mipaka, na akasema kwamba kuanzia siku hiyo kesi zote zitaamuliwa kama mwenyekiti alivyosema, neno kwa neno. Kisha akamgeukia Wamucii.

"Lakini mama, hiyo swali yako pia ilikuwa ya mwezi?"

"Hapana, Bwana D.O. Ilikuwa ya hapa karibu kidogo."

D.O. akacheka, akamwambia basi ailete kwa mwenyekiti, iwe ndiyo ya kwanza.

Njia nzima ya kurudi nyumbani watu walimpongeza. Walimshika mkono, wakamwita Chairman, na kila mmoja aliushika mkono wake muda mrefu kuliko kawaida, akimtazama usoni. Kefa alimkimbilia akihema. Alisema kwamba yeye amefundisha mambo ya anga miaka mitatu na hakuwahi kueleza thamani yake vizuri vile: mtu akienda mbali na kutazama nyuma, anaona kwao sawasawa. Hezekiah alimwangalia kwa muda akitafuta dalili ya kejeli. Hakuiona, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Watiri alikuwa ameandaa nduma. Hezekiah alizitazama, akajua zimetoka wapi. Alianza kuwalaani Waamerika. Watu wasio na kazi, alisema, watu wanaoacha kwao kukiwa na njaa na kwenda kupekua mbingu, faida yake ni nini, wamekwenda kutafuta uhai kule na huku wanavuruga wa watu. Watiri alimwacha amalize, akamwekea chai.

"Baba Ngendo," akasema, "siku ile mlipomtafuta Ndungu, mlimtafuta wapi?"

"Shambani kwake. Tungemtafuta wapi?"

"Na mlifika hadi wapi?"

Watiri hakungoja jibu. Aliondoka kwenda kufunga mbuzi, Hezekiah akabaki na sahani.

Alijaribu. Tumpe haki yake, alijaribu kwa siku kadhaa. Alijaribu kusema kwamba sheria ya mwezini ni ya mwezini. Alijaribu kuugua, lakini watu walikuja kumwona wakiwa wengi mno na wenye furaha mno. Alijaribu kukumbuka kwamba hati iko, na ilikuwepo kweli, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na hakuna aliyeitaka. Hakuna hata mtu mmoja aliyemtaja Ndungu. Walimwuliza tu, kwa adabu zote, baraza litakaa lini.

Lakini kilichomshinda hakikuwa watu. Kilikuwa kitu ambacho hata Watiri hakukijua. Desturi ya kamati ilikuwa kumwita mwenye shamba kwa jina mara tatu kabla ya kupanda. Siku ile Hezekiah ndiye aliyepewa kazi ya kuita, kwa sababu ya sauti yake. Alisimama penye chemchemi akaita Ndungu mara moja, kimya. Akaita mara ya pili, kimya. Alipoita mara ya tatu, kutoka ng'ambo ya bonde, kutoka kule kwenye handaki na seng'enge, sauti nyembamba ya mwanamke iliitikia. Tuko! Tuko huku! Mzee mmoja wa kamati aligeuka akauliza nani huyo. Na Hezekiah alisema si mtu, ni wanawake wa handaki wanaimba. Wakapanda.

Tangu Kefa alipomweleza habari za antena zile, ile sauti ilikuwa imeanza tena. Aliisikia alipokuwa akipalilia. Aliisikia kanisani. Alikuwa na aibu, aibu ya kweli, na alikuwa amechoka kuimeza.

Asubuhi moja alimtuma Watiri kwa Wamucii na ujumbe kwamba baraza litakaa bondeni, na kwamba mwenyekiti ataleta kondoo wake mwenyewe. Watiri alirudi na jibu fupi. Wamucii amekubali, lakini hatakuja bondeni. Kama wanataka kuita, waite jinsi walivyoita zamani. Yeye atajua pa kusimama.

Siku hiyo ilikuja nusu ya Gakindu. Mwalimu Kefa naye alikuja, akiamini ni mafunzo ya utamaduni. Hezekiah alivua koti, akang'oa matoka aliyoyapanda kwa mikono yake, na mizizi ilikuwa imeshika kweli, alitokwa jasho. Kondoo akachinjwa. Wazee wakapanga matoka upya kwenye mstari wa zamani, juu ya chemchemi, tayari kupandwa. Kisha wote wakamtazama.

Alisimama mahali pale pale. Ng'ambo ya bonde, kijiji cha Hali ya Hatari hakikuwepo tena, palikuwa na mahindi ya mtu na alama ya handaki iliyofunikwa na nyasi. Hakuona mtu.

Akaita Ndungu. Kimya.

Akaita mara ya pili, na sauti yake, ile iliyosifiwa, ilipasuka katikati. Kimya. Wazee walianza kutazamana. Akafikiri kwamba mama yule hataitikia, kwamba amemleta hapa mbele ya watu wote ili aite mpaka jioni, na akaona kwamba ana haki.

Akaita mara ya tatu.

Katikati ya mahindi kitambaa cheupe kikainuka.

"Tuko! Tuko huku!"

Mzee mmoja wa kamati ya zamani, ambaye masikio yake sasa yalikuwa yamechoka, alimshika Hezekiah mkono akamwuliza nani huyo.

"Ni mwenye shamba," Hezekiah akasema, akainama kuchukua jembe.